Matunda Mabichi

Ilianza siku ya Alhamisi, saa tano na nusu za asubuhi, mwezi wa sita, mwaka wa sitini na tatu. Generosa alitua kitunga chake mlangoni mwa jiko la masera, watawa waliotufundisha, akafuta jasho kwa kiganja, na mimi nikaona kwamba papai lililokuwa juu kabisa lilikuwa la kijani toka kikonyo hadi kitako. Nina hakika na saa kwa sababu jioni ile niliiandika kwenye kaye yangu, daftari la shule, kama nilivyoandika kila kitu mwaka ule: tulichokula, nani aligombana na nani, ukungu uliondoka saa ngapi. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na kwa kuwa sikuweza kusema neno mbele ya watu watatu, niliandika. Wenzangu waliniita Bubu. "Bubu, pitisha chumvi." "Bubu, leo umesema maneno ngapi? Mbili? Basi umechoka, kalale." Sikukasirika. Nilijua kwamba jioni watakuwa ndani ya kaye, wote, na chumvi yao.

Nimeitoa kaye hiyo sandukuni wiki hii. Binti wa Generosa alifika hapa kwangu Bweremana, amepanda pikipiki siku mbili kutoka Itebero, nguo zimejaa vumbi, kuniambia mama yake wamemzika. Nilimpa chai na samaki, akala kidogo, akatazama ziwa kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Kisha akaniuliza: "Mama, weye njo ulisoma naye Masisi? Alikuwa anasema mulitengeneza chakula kimoja kwa wageni, kikaleta maneno. Akifika hapo anacheka, halafu ananyamaza. Hakunimalizia hata siku moja." Nilimwambia nusu. Nusu ya pili ilinishinda kuisema mbele ya mtoto aliyefiwa, kwa hiyo naiandika. Akitaka ataisoma.

Shule ilikuwa juu ya kilima, nyumba tatu ndefu za matofali, na nyuma yake chumba cha maziwa, ambamo Masera Adelina alitengeneza fromaji. Watu wa mbali huiita jibini. Sisi hatukuwa na neno lingine. Kila asubuhi kabla ya misa aligeuza zile fromaji moja moja kwenye mbao, kama mama anayegeuza watoto waliolala, na harufu yake ilimfuata hadi darasani. Sisi wa vilimani tulizoea maziwa. Generosa hakuzoea. Kwao Itebero ni msitu, hakuna ng'ombe, na siku ya kwanza walipomwekea kipande sahanini alikitazama muda mrefu. "Maziwa imeoza," akasema, "mukaikamua maji, mukaitia chumvi, sasa munaiita chakula. Kwetu tungemwaga." Perpetua, aliyekuwa mkubwa wa meza yetu na aliyependa kuwa mkubwa, akamjibu: "Kwenu munakula nyani." Generosa akasukuma sahani kando. "Nyani hanuki hivi." Meza nzima ikacheka, na mimi pia, kimya, nikaweka mkono mdomoni. Alikuwa msichana wa namna hiyo, hasemi kwa sauti kubwa lakini neno lake lilifika. Kutoka Masisi hadi kwao ni siku nne kwa miguu, na baba yake alikuwa amemwambia mara moja tu, siku ya kumleta: ukirudi kabla ya kumaliza, hakuna safari ya pili.

Mwezi ule inspekta alikuwa anakuja kuona kama darasa letu la jiko linafaa kupewa mwaka wa tatu. Bila mwaka wa tatu hakuna cheti. Masera Adelina alifikiri wiki nzima atamlisha nini. Jua lilikuwa kali, barabara yote ni vumbi, na alisema mtu aliyefika kwa barabara ile hataki supu, anataka kitu cha kumpoza koo. Kwa hiyo Jumatatu akatusomea kwa Kifaransa namna ya kutengeneza saladi ya matunda na fromaji: nanasi, papai na ndizi zikatwe vipande sawa, fromaji changa ikatwe vipande vidogo zaidi, asali, maji ya limau, majani ya manta, yaani nanaa, halafu bakuli liwekwe ndani ya maji baridi ya kisima kwa saa mbili. Alisoma haraka. Kifaransa changu kilikuwa cha kuchechemea, basi nilishika nilichoshika na jioni nikakiandika upya katika kaye kwa Kiswahili, kwa siri, maana Kiswahili katika masomo kilikatazwa na aliyekamatwa nacho alivaa kibao shingoni hadi amkamate mwenzake. Masera alikuwa amesema *fruits frais*. Nikaandika: matunda mabichi.

Hata leo, mwanamke mzee, sioni ningeandika nini kingine. Samaki mbichi ni yule aliyetoka majini asubuhi hii. Maziwa mabichi ni yale yaliyokamuliwa sasa hivi. Majani mabichi, nyama mbichi, kuni mbichi, kote humo neno linasema kitu kimoja: bado hakijakauka, bado kina uhai wake. Ni kwenye matunda tu ndipo neno linageuka na kukuuma. Siku hizi kila kiangazi naitengeneza saladi ile hapa nyumbani. Nalinusa nanasi kwenye kitako kabla ya kulikata, nabonyeza papai kwa kidole gumba, nangoja ndizi zitoe vidoadoa, na wajukuu wanaila baridi, asali imechanganyika na maji ya matunda, fromaji inalainika mdomoni na chumvi yake inaamsha utamu wa papai. Wanalamba bakuli. Wananiuliza kwa nini nalikagua kila tunda kama mtu wa doane anayepekua mizigo mpakani. Nawaambia kuleni.

Matunda yetu yalitoka shamba la chini, saa tatu za kuteremka, bondeni kwenye joto, kwa sababu juu kwetu nanasi halitaki. Shamba lililindwa na Papa Bonifasi, mzee aliyejua kusoma Kiswahili cha katekisimu na si zaidi. Masera alimpa Generosa karatasi ya Kifaransa aipeleke, kwa sababu Generosa ndiye aliyejua matunda kuliko sisi wote na miguu yake haikuogopa mteremko. Jumanne jioni, tukianika nguo, alinijia nyuma ya shuka. "Bubu, Papa Bonifasi hasomi hii. Ataniuliza nini, nitamujibu nini? Niandikie yake." Nikafungua kaye, nikanakili: mananasi mabichi sita, mapapai mabichi manne, ndizi mbichi mkungu mmoja. Alisoma akasimama.

"Mabichi?"

Nikainamisha kichwa kukubali.

"Weye, papai bichi tunapika na nyama. Bazungu batakula hivi hivi, bila moto?"

"Masera amesema *frais*," nikamwambia.

"Na *frais* iko mubichi?"

"Njo hiyo."

Alifikiri kidogo, kisha akacheka. "Basi iko ndugu ya ile maziwa ya kuoza. Vyao vyote viko kinyume." Akaikunja karatasi yangu, akaitia katika kitambaa cha kiunoni. Papa Bonifasi, nilivyosikia baadaye, alitafuta kwa bidii kubwa. Mananasi yaliyokwisha kuwa manjano aliyaacha. Alitaka kumfurahisha Masera.

Kwa hiyo saa tano na nusu ile, nilipoliona papai, nilijua. Lazima niseme wazi: nilijua palepale. Neno lilifunguka kichwani mwangu pande zote mbili kwa wakati mmoja. Tulikuwa na saa mbili na nusu. Masera Adelina alikuwa na Mama Mkubwa, mkuu wa masera, wakipanga viti. Ningeweza kutembea hatua arobaini, nikagonga mlango, nikasema. Badala yake nilichukua kisu nilichopewa. Perpetua alikitazama kitunga, kisha akamuuliza Generosa: "Ndivyo ilivyoandikwa?" "Ndivyo ilivyoandikwa," akajibu, bila kunitazama. "Basi kata. Sisi hatukuja hapa kumufundisha Masera."

Nanasi lilikuwa jeupe ndani na gumu kama mti wa mhogo. Papai lilitoa maziwa yake kwenye kisu, kwenye meza, kati ya vidole vyetu, na baada ya muda tukaanza kujikuna. Ndizi zilitutia weusi kwenye kucha. Kitu kimoja tu kilikuwa sawasawa: fromaji, iliyokamuliwa jana yake, nyeupe, inalia chini ya kisu, kwa sababu kwenye fromaji neno langu lilifanya kazi yake vizuri. Hakuna aliyeonja. Ilikuwa sheria ya jiko: msichana anayeonja kabla ya mgeni ni mwizi. Generosa peke yake alichovya ncha ya kidole, akaipeleka ulimini, akatema nje ya dirisha. "Hii itafunga muntu mudomo," akasema taratibu. Tukamwaga asali yote iliyokuwepo. Tukatia majani ya manta. Bakuli lilipotoka kisimani, jasho la baridi linateremka ubavuni, lilikuwa zuri kuliko chochote tulichowahi kutengeneza, jeupe na kijani, na Masera Adelina akapitisha kichwa mlangoni, akaliona kwa mbali, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile, akarudi kwa wageni wake.

Inspekta alifika saa nane, mtu mwembamba mwenye miwani, vumbi hadi kwenye nyusi. Alikuwa mpole, nakumbuka hivyo. Mimi nilipangiwa kumimina maji, maana mtu asiyesema anafaa kumimina. Shofere wake, dereva wa gari la ofisi, alikaa kwenye kibaraza, mlango wazi, bunduki imeegemezwa karibu naye. Mwaka ule magari ya ofisi hayakutembea bila bunduki. Walizungumza juu ya vizuizi vya barabarani. Shofere alikuwa amehesabu saba kutoka mjini, na kwenye kila kimoja vijana waliuliza swali lilelile: babu yako amezikwa kilima gani, na asiye na kaburi la kutaja alihesabiwa mgeni na adui. Mama Mkubwa akabadilisha mazungumzo. Masera Adelina mwenyewe akapakua saladi.

Inspekta alikula kijiko cha kwanza. Akakitafuna muda mrefu. Kwa heshima akala cha pili, na cha tatu. Akanyoosha mkono kutaka maji, nikamimina hadi yakamwagika mezani. Akanywa. Akagusa mdomo wake wa chini kwa kidole, kisha wa juu. Nilikuwa karibu kuliko wote. Niliona jinsi midomo ile ilivyokuwa inavimba, polepole, myekundu pembeni kama ya mtoto aliyekula pilipili. Akakohoa. Akasimama, akaenda dirishani, akatapika nje.

"Patron," shofere akasema mlangoni. Hakupaza sauti. "Patron, umekula nini?" Akalitazama bakuli, akatutazama sisi tuliopangwa ukutani na aproni zetu nyeupe. "Nani alileta ile kintu?"

Masera Adelina aliweka kipande cha papai mdomoni mwake, akakitoa, na uso wake ukabadilika. "Generosa," akasema, "ni wewe ulikwenda shambani. Nilikuandikia vizuri. Umeleta nini?"

"Nimeleta yenye niliambiwa, Masera."

"Nani alikuambia hivi?"

Hapo ndipo Generosa aligeuza kichwa akanitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayekuachia mlango wazi upite kwanza. Nilikuwa na jagi la maji kifuani. Nasikia bado jinsi lilivyokuwa baridi. Katika kaye, siku ile, nimeandika sentensi moja juu ya jambo hili: *Amengoja, nami sikupita.* Alingoja kwa muda wa kuhesabu hadi tano labda, halafu akamgeukia Masera. "Hakuna muntu. Ni miye."

"Wa wapi huyu?" shofere akauliza.

Mmoja wetu, sijui nani, akasema Itebero.

"Wa musituni," shofere akasema. "Basi. Tumejua."

Inspekta alikuwa amekaa tena, kitambaa mdomoni. Alisema kwa shida kwamba si kitu, ni matunda tu, watoto wamekosea. Lakini alikuwa mgonjwa, alitaka kuondoka, na aliyemshika mkono hadi garini alikuwa shofere, na shofere alikwisha kulisema lile neno huko nje, kwa mpishi, kwa wachunga ng'ombe waliokusanyika: sumu. Gari likaondoka. Sote tulifahamu kwamba kwenye kila kizuizi litasimama, na kwenye kila kizuizi neno lile litateremka na kubaki.

Tuliosha vyombo sisi wawili, kwenye mawe nyuma ya jiko, jua likiwa bado juu. Generosa alisugua bakuli kubwa kwa majivu. Nilisubiri aniseme. Hakunisema. Mwishowe nikatoa sauti: "Nitawaambia."

"Utawaambia nini?"

"Kwamba ni miye niliandika."

"Na watasema: iko wapi? Utaonyesha kaye yako. Na Masera ataisoma yote." Alijua kilichokuwa ndani, ndiye peke yake niliyewahi kumsomea. Ukurasa ule wa matunda mabichi, upande wake wa pili niliandika kwamba Masera Adelina analia katika chumba cha maziwa akipata barua za kwao, na kwamba ananuka kama ndama. "Watatufukuza wawili. Mumoja anatosha, Bubu."

Sasa nasema kitu ambacho sikumwambia binti yake. Aliposema mmoja anatosha, nilifurahi. Moyo wangu ulitua kama mzigo ulioshushwa. Nikachukua bakuli mkononi mwake nikalikausha vizuri sana, ndani na nje, nikijiambia kwamba ninamsaidia.

Chakula cha jioni kilikuwa bukari, ugali wetu, na maharagi, na hakuna aliyekaa karibu naye. Perpetua, ambaye kwa miaka miwili alimtania kila siku, hakumtania. Alivuta benchi yake kando kidogo, kidole kimoja tu cha nafasi, lakini kilionekana. Msichana mwingine akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kwao wanajua miti. Generosa akala taratibu. "Tunajua miti," akasema. "Iko mutu anataka dawa ya kufunga mudomo wake? Ninayo." Hakuna aliyecheka. Nilipopeleka sahani za masera kwenye kidirisha cha jiko, nikamsikia Mama Mkubwa upande wa pili, na Kifaransa kile nilikielewa chote. Wachunga ng'ombe walileta habari: kwenye daraja vijana wanasema shule imeficha mtu wa sumu. Kesho watakuja kuuliza. Ni afadhali msichana asiwepo. Papa Yakobo, katekista, anakwenda alfajiri upande wa Walikale, njia ya kwao, ataondoka naye. "Watapita darajani?" Masera Adelina akauliza. "Hakuna njia nyingine," Mama Mkubwa akajibu. "Yakobo anajulikana. Tutaomba." Kisha nikasikia mlio wa kijiko.

Daraja lilikuwa mwendo wa saa moja chini ya kilima. Generosa angefika pale na sura ya mgeni, na Kiswahili cha msituni, na neno limemtangulia.

Ijumaa asubuhi niliamka na kitanda chake kilikuwa kitupu, blanketi limekunjwa pembe kwa pembe. Dirisha lilikuwa la kijivu. Sikuosha uso. Nilichukua kaye chini ya godoro, nikavuka uwanja pekupeku, umande unaniuma, nikaingia chumba cha maziwa bila kugonga. Masera Adelina alikuwa anageuza fromaji. Nilifungua ukurasa nikamnyooshea. Alisogea kwenye taa, akasoma midomo ikicheza.

"Matunda mabichi," akasema. "Ndiyo. *Frais* ni bichi. Hata mimi ningeandika hivyo."

"Ndiyo, Masera. Na ni yasiyoiva pia."

Aliketi kwenye kigoda cha kukamulia. Akatazama lile neno, kisha, kama nilivyojua atafanya, akageuza ukurasa. Nilisimama pale wakati akisoma. Nilisikia maziwa yakidondoka kwenye kitambaa. "Kama ndama," akasema mwishowe. Alifunga kaye, akaishika magotini kwa mikono miwili. "Jana ulikuwa na mdomo, Anastazia."

"Ndiyo, Masera."

"Baada ya misa tutakwenda kwa Mama Mkubwa. Tutatuma mtu."

Misa ilikuwa saa nzima. Nikasema, "Baada ya misa atakuwa darajani." Hiyo ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia. Aliinua macho, na sijui kama alinipa ruhusa au alichelewa tu kunikataza, maana nilikwisha kutoka.

Nyuma ya zizi la ng'ombe kilima kinapanda kidogo halafu kinakatika, na bonde lote liko chini yako: barabara inazunguka mara tatu, mashamba ya maharagi, ukungu umelala mtoni, na ng'ambo vilima vingine, nyumba juu ya nyumba, moshi wa asubuhi unatoka katika nyasi za paa. Niliwaona kwenye mzunguko wa pili. Papa Yakobo mbele na mwavuli wake, Generosa nyuma, kitunga mgongoni, kamba ya mzigo kwenye paji la uso. Kuwakimbilia nisingewafikia. Na hata nikimfikia, nikamwambia yeye, ingesaidia nini? Yeye alijua. Masera alijua. Wasiojua ni wale wa kwenye moshi ule, ambao vijana wao walilinda daraja.

Kwetu watu huitana kutoka kilima hadi kilima. Ndivyo mama zetu walivyoazimana moto na kutangaza vifo. Lakini miezi ile hakuna aliyeita. Sauti ikipanda asubuhi, watu walitoka na mikuki kabla ya kusikia inasema nini. Tulikuwa tumejifunza kutembea hadi kwa jirani kuomba chumvi. Niliweka mikono pembeni mwa mdomo. Sauti ya kwanza ilitoka kama kikohozi. Ya pili ilikwenda.

"Generosa eee."

Mbwa wakabweka. Ng'ambo, mlango ukafunguka, kisha mwingine. Wanaume wakasimama nje, wadogo kama mbegu, na nikaona kitu kirefu mkononi mwa mmoja wao, halafu wa pili. Barabarani Papa Yakobo alijikunyata chini ya ukingo. Generosa akasimama wima, hakugeuka.

"Ni miye Anastazia, wa Kashuga, wa shule," nikaita. "Matunda ya jana hayakuwa na sumu. Yalikuwa mabichi. Niliandika mabichi kwenye karatasi, na Papa Bonifasi akachuma mabichi. Generosa aliniuliza na miye nikamwambia njo hiyo. Kosa ni langu. Si lake. Ni langu."

Sauti yangu ilikwenda, ikagonga mlima, ikanirudia, na ilikuwa aibu kubwa kuisikia. Wanaume hawakusogea. Generosa alivua kamba kwenye paji la uso, akatua kitunga barabarani, akageuka kunitazama.

Kisha kutoka ng'ambo, mbali sana, mwanaume mmoja akaita: "Nani alikula mabichi? Hatukusikia vizuri. Sema tena."

Nikavuta pumzi, nikaanza tena toka mwanzo, polepole, neno moja moja, kwa sababu upepo ulikuwa umekula nusu.